Kwa Mama Fundi, Aliyetuuliza Kila Krismasi: "Kimeuma?"

Ni mwaka mmoja sasa tangu cherehani yako inyamaze katikati ya mshono, Mama, sindano imezama kwenye mfuko wa shati la shule la mtoto wa watu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wewe ulikuwa unaumwa, lakini nani angekulaza? Ulisema, "Nalegea kidogo." Ukalegea moja kwa moja.

Kitinda mimba wako ndiye aliyeumalizia ule mfuko. Alikufunika shuka, akakaa kwenye kiti chako kikiwa bado na joto lako, akashona, maana mwenye shati alikuwa anakuja kulichukua kesho yake. Watu wa msiba walipoingia walimkuta anakata uzi kwa meno. Wakasema ana roho ngumu. Sisi tukasema amelelewa.

Mtaa mzima ulikuita Mama Fundi. Ulipima watu kwa macho hata wakipita tu barabarani: "Huyo bega moja limeshuka. Anabeba siri." Uliongea pini zikiwa mdomoni na tulikuelewa vizuri sana, maana "mm" moja ilikuwa ndiyo na "mm" mbili zilikuwa kofi linakuja. Watoto wasio na sare uliwashonea bure, kisha ukawatukana wazazi wao siku hiyohiyo. Wema na matusi, uzi mmoja!

Na gazeti, jamani! Ulilifungulia nyuma, kwenye kumbukumbu kama hizi. Hukusoma majina, ulikagua nguo za kwenye picha. "Tazameni kola hiyo! Marehemu kaonewa mara mbili." Kitinda mimba wako amerithi tabia hiyo. Ndiyo maana tunakuandikia hapa, Mama. Simu zetu hapokei. Meseji zetu hazifungui. Ila ukurasa huu ataufungua tu, akinywa chai, na akifika hapa asituruke. (Picha tumeweka ile uliyovaa blauzi ya bluu. Kola imekaa.)

Sasa tuseme ya Krismasi.

Nyumba za wenzetu watoto walikuwa wanapokea. Kwetu tulikuwa tunatoa. Tukitoka kanisani, kabla hata ya kugusa chakula, kila mtu aliingia ndani na kutoka na kitu cha kumpa asiye nacho. Wewe ulikaa uani kwenye stuli, futi kamba shingoni kama hakimu, na swali lako lilikuwa moja: "Kimeuma?"

Mwanao mkubwa, huyu tunayemwita Bosi ingawa bosi wake ni mkewe, aliwahi kuleta shati lililokuwa linambana.

"Kimeuma?"

"Hapana, Mama."

"Basi hujatoa zawadi. Umetupa taka. Rudi ndani."

Akarudi, akaleta mpira wake. Analia kweli kweli! Hapo ndipo ulipocheka na kumkumbatia, ukamwambia amekuwa mtu. Mwaka uliofuata akajifunza kulia kabla, ili arudishiwe, ukamwambia, "Machozi hayo pelekea vitunguu." Binti yako nesi alitoa redio yake ya kwanza. Kila mtu ana lake. Tulikuwa tunakula ile nyama macho mekundu, na wewe ulikuwa na furaha kuliko siku zote za mwaka.

Lakini kitinda mimba wako ulimzidishia. Tuseme ukweli, Mama, leo ni siku yako.

Alikuwa amechumbiwa na kinyozi. Ulimshonea gauni la harusi, shanga ulizitunga moja moja kwa mkono, likawa linaning'inia ukutani juu ya cherehani, limefunikwa nailoni. Kila akipita alinyanyua nailoni kidogo, akachungulia, akafunika. Krismasi ile ilimkuta bibi harusi wa mtaa wa nyuma ambaye gauni lake lilikuwa limeunguzwa na pasi, na harusi ni wiki hiyohiyo. Msichana amekaa uani kwetu anatetemeka.

Kitinda mimba akaleta viatu vyake vipya.

"Kimeuma?"

"Kimeuma, Mama."

"Mdomo wako unasema viatu. Macho yako yako ukutani."

Hakubisha. Aliingia, akalishusha mwenyewe, akalitoa nailoni, akamshikia yule msichana nywele ili zisinase kwenye shanga. Wewe ukafumua pembeni kupanua kiuno. "Nitakushonea lingine," ulimwambia kitinda mimba, pini mdomoni. Na sisi tukapiga makofi! Tulipiga makofi, Mama.

Mama wa kinyozi alipopata habari alisema maneno machache tu: "Msichana anayegawa gauni la harusi, kesho atagawa mume." Basi kinyozi akaanza kuwa na kazi nyingi. Kila akitafutwa, ana vichwa. Vichwa, vichwa, mpaka uchumba nao ukanyolewa.

Lile lingine hukulishona. Kila Krismasi ulimpima upya. "Kiuno kimeongezeka." "Umepungua, kula." Kitambaa kilikaa kwenye mfuko wake hakijaguswa na mkasi, na yeye akakaa na wewe, akishona sare, akikupikia, akikutungia uzi macho yako yalipoanza kuchoka. Sisi tulikuja sikukuu kwa sikukuu, tukamsifu kwamba ana moyo. Kumsifu mtu ni rahisi, huhitaji hata kuvua koti.

Siku zako za mwisho alikuwa anakuosha miguu kwenye beseni. Nesi alikuwa mlangoni na dawa, ndiye aliyetusimulia. Kitinda mimba alikuuliza taratibu kabisa: "Mama, sisi wote tulitoa. Wewe ulitoa nini?"

Ukamtazama. "Wewe."

"Kiliuma?"

"Mpaka leo."

Akaendelea kusugua kisigino. Maji yalikuwa yamepoa, na nesi anasema siku hiyo hakwenda kuongeza ya moto.

Basi Krismasi hii ikaja, ya kwanza bila wewe, na sisi tukasema lazima tukuenzi. Tulikaa kikao. Kitinda mimba hatukumwita, tulitaka iwe sapraizi. Bosi alisema, "Mama angekuwepo angetoa kitu kikubwa." Nesi akasema, "Kitu cha Mama mwenyewe." Mkweo, mke wa Bosi, akasema, "Si ile cherehani!" Weee, tulivyofurahi! Tukamkumbuka mjane wa jirani, mwenye watoto wadogo, asiye na ndugu hata mmoja mjini hapa. Tukampelekea habari aje na mkokoteni.

Hakuna aliyeuliza kitinda mimba atakula nini. Tunaandika hivyo kama ilivyo.

Siku yenyewe tulijaa uani. Bosi akatoa koti lake la sufu. "Kimeuma?" "Kimeuma!" Nesi akatoa hereni. "Kimeuma?" "Acha tu!" Mkweo ameshika simu juu, anarekodi. Kitinda mimba alikuwa ameshinda jikoni tangu alfajiri, anatoka na sinia la nyama, akamwona mjane pembeni ya ukuta na mkokoteni wake. Akadhani amekuja kula. Akamwambia, "Karibu dada, kaa, usiogope watu hawa, wana kelele tu."

Bosi akasafisha koo. "Kwa niaba ya Mama, familia inatoa cherehani."

Sinia lilibaki mikononi.

"Cherehani ipi, kaka?"

"Ya Mama."

"Ndiyo ninayofanyia kazi."

"Ni ya Mama, si yako."

"Nina sare za watu humo ndani. Januari nakula nini?"

Nesi akamshika bega, kwa upole kabisa, ule upole wa kumshika mtu kabla ya sindano. "Mdogo wangu, inauma, sivyo?"

"Inauma."

"Basi si ndiyo yenyewe! Mama alitufundisha nini?"

"Wifi, geukia huku kidogo," mkweo akasema. "Mwanga hauko vizuri."

Mjane akaanza kurudi nyuma. "Mimi niliambiwa imekaa tu haina mtu. Hata kushona sijui. Jamani, naomba niende."

"Hapana, dada," kitinda mimba akasema. "Usiende."

Aliweka sinia chini. Alimtazama Bosi, akamtazama nesi, akaitazama ile simu. Macho makavu. Kisha akaingia ndani, akatoa shati la mteja lililokuwa chini ya sindano, akapaka mashine mafuta, akafuta vumbi la chaki, akamwita Bosi aje abebe. Wakaipandisha kwenye mkokoteni. Akamwonyesha mjane uzi unapita wapi, polepole, mara mbili.

Bosi akauliza, maana mdomo umezoea: "Kimeuma?"

"Kimeuma."

Tukapiga makofi. Tena, Mama! Hatujifunzi.

"Subirini," kitinda mimba akasema. "Hicho mmetoa nyinyi, kwa niaba ya Mama. Mimi changu bado." Akamshika mjane mkono. "Dada, wewe huna ndugu mjini hapa?"

"Sina."

"Basi nakupa wa kwangu. Huyu mkubwa anauza rangi, ana gari. Huyu ni nesi, mtoto akiumwa mpigie hata saa hii. Huyu mwenye simu ni wifi yako, ukimsifu nguo atakusaidia. Wajukuu ni hawa, wanakula sana. Nakupa wote. Mimi sibaki na hata mmoja."

Watu wakacheka. Tulidhani ni utani! Bosi naye, anacheka bado, akauliza lile swali, hata hakufikiria:

"Kimeuma?"

Kitinda mimba akatukagua mmoja mmoja, kama wewe ulivyokuwa unakagua kola.

"Hata kidogo," akasema.

Tuliijua sheria, sote tumeikariri tangu utotoni, na yeye ndiye aliyeimalizia: "Kama haijauma si zawadi. Nimetupa taka. Sheria ni sheria, narudi ndani nikatafute kingine."

Akaingia. Kitasa kikalia mara mbili.

Tulingoja. Nyama ikapoa, nzi wakaishi maisha yao. Bosi akabisha, kwanza kama kaka, halafu kama bosi, mwishoni kama mtoto aliyefungiwa nje. Nesi akaongea dirishani, sauti ya wodini. Mjane naye akasukuma mkokoteni kuuzunguka ukuta, na mkweo, ambaye kuchungulia ni kipaji chake, aliona mlango wa jikoni ukifunguliwa, mikono miwili ikatoka ikaipokea mashine, na mjane akaingia nayo. Mlango ukafungwa.

Tangu siku hiyo, Mama, tukipita barabarani tunaisikia inashona. Tunasikia na wawili wanacheka. Mjane anafundishwa, na hajambo, watoto wake wanacheza uani kwetu. Tukibisha, kicheko kinanyamaza, cherehani haisimami.

Tunakukumbuka kwa sare, kwa matusi, kwa pini zako, kwa mkono wako uliotoa bila kuangalia unamkata nani. Ulitaka tuwe watoaji. Tumekuwa, tena hodari, ila tunatoa vya mwenzetu.

Wanaokukumbuka: mwanao mkubwa Bosi, asiye na koti msimu huu, binti yako nesi, mkweo, aliyefuta ile video, wajukuu zako wote, pamoja na huyu anayetuandikia haya kwenye simu yake, mjane wa jirani, dada yetu kwa kutolewa, ambaye kwa kweli anatupigia mtoto akiumwa, na tunakwenda. Na kitinda mimba wako, aliye ndani, bado anatafuta kinachouma.

Daima tutakukumbuka, Mama. Na yeye akisoma hapa, mwambie kwa niaba yetu tuliotolewa: kimeuma.