Mkono Ulioshika Usukani

Bondeni, Pennsylvania
16 Juni 2013

Mpendwa mdogo wangu Fannie,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tu wazima, natumai nawe hujambo huko mjini. Mvua imenyesha siku nne, majani ya ng'ombe yamelowa shambani, na mume wangu Sim amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Huu mwaka wa nne tangu uondoke na kanisa likutenge. Kula nawe meza moja ni mwiko kwetu Waamishi, sisi wa mikokoteni ya farasi, lakini kuandikiana hakuna aliyetukataza, basi nitaandika mpaka uchoke, utubu, urudi nyumbani.

Shemeji yako ameumwa na buibui nyuma ya goti alipokuwa akikata nguzo za ua msituni. Pamekuwa pekundu, upana wa kisosi. Nimempaka mafuta ya asali na kumfunga majani mapana, kama tunavyomfanyia aliyeungua. Anasema nimemgeuza kabichi.

Dada yako,
Salome

Mjini, 20 Juni

Shikamoo dada,

Mimi mzima, kazi tu. Huyo buibui ulimwona kwa macho yako? Je, wekundu huo una duara, katikati pamepauka, na hapamuumi wala kumwasha? Basi si buibui, ni kupe, yule mdogo kama chembe ya ufuta ambaye hata ukioga humwoni. Hapa kliniki ninapopiga deki nimeona miguu ya namna hiyo mpaka basi. Unaitwa ugonjwa wa Lyme. Mtu akipewa vidonge mapema anapona. Fungua hayo majani umpeleke kwa daktari, tafadhali. Mwambie shemeji kabichi halitibiwi kwa kufungwa.

Mdogo wako,
Fannie

Bondeni, 3 Julai

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu katika jina la Bwana. Jua limewaka, majani yameingia ghalani, watoto hawajambo. Na doa limefutika lenyewe! Ulinitia kiwewe bure. Sim alipata homa, kichwa kikamuuma, nikakusikiliza tukaenda. Siku hiyo doa lilikuwa limeshafifia, daktari hakuona duara wala nini. Akampima damu, ikatoka safi. Kasema ni mafua ya kiangazi. Wewe unapiga deki, mwenzio kasoma! Nakutania, usinune kama shemeji yako.

Dada yako,
Salome

Mjini, 7 Julai

Shikamoo dada,

Sikununa, nimeogopa. Doa hufutika, ugonjwa ukabaki. Na damu ikipimwa mapema mno hutoka safi, kwa sababu mwili haujaanza kupigana nao. Muuguzi mmoja alinieleza, nikamwomba arudie kunieleza ili nisikuandikie uongo. Wengine huambiwa ni mafua, wengine baridi yabisi, wengine huambiwa wana mawazo tu. Mwangalie: uso ukimlegea upande mmoja, goti likivimba, akiona kizunguzungu, moyo ukisitasita. Rudini kwa daktari, na neno kupe mlitamke kwa sauti.

Mdogo wako,
Fannie

Bondeni, 24 Julai

Fannie,

Salamu. Sim hana nguvu. Anapanda ngazi ya ghala akipumzika mara tatu, mtu aliyekuwa akibeba gunia huku anaimba. Wazee wa kanisa wamemuuliza kama kuna dhambi inayomlemea. Mnyoosha mifupa alimkandamiza mgongo, akasema ni mshipa wa mbavu. Jana alizimia zizini. Daktari akasema ni joto, anywe maji. Nilitaja kupe, nakuapia. Akanijibu kuwa damu ilikuwa safi.

Leo asubuhi nilimwekea sikio kifuani. Moyo unagonga, unanyamaza, nahesabu mpaka tatu, ndipo unagonga tena. Naogopa, mdogo wangu.

Dada yako,
Salome

Mjini, 19 Agosti

Dada yangu,

Pole. Sina salamu nyingine. Siku ya mazishi ya Sim nilisimama nje ya ua nikaona kofia za wanaume tu.

Madaktari walioipasua maiti wamethibitisha kuwa ni ule ugonjwa wa kupe, uliingia moyoni. Vidonge vya wiki tatu mwezi wa Juni vingetosha.

Barua yako ya Julai ilinifika Ijumaa ile adhuhuri, nikaacha ndoo katikati ya ukumbi nikaja na gari langu. Sim alikuwa amekaa barazani, midomo imebadilika rangi, na bado ananitania, "Shemeji, hilo gari lako linakula majani au shayiri?" Gari la wagonjwa alilikataa, eti anayetembea habebwi. Nikafungua mlango wa gari langu. Akakutazama. Nawe ukasema, "Hatupandi gari linaloendeshwa na aliyetengwa. Glenn, yule dereva wa kukodi, ameshaitwa." Glenn akafika baada ya saa moja na nusu, na Sim akakata roho njiani.

Nimekulaumu wiki tatu, Salome. Sasa nisikilize. Jirani yenu Janet alikuwa pale pale, gari lao mumewe alikuwa ameondoka nalo. Janet ni mtu wa nje, hakubatizwa kwetu, hajatengwa na mtu. Sheria inaukataa mkono wangu, hailikatai gari. Ningempa Janet funguo, Sim angepanda. Nililijua hilo huku nimezishika mfukoni. Nilitaka mpande nikiendesha mimi. Nilitaka mnihitaji, hata siku moja. Dada, nimemuua.

Mdogo wako,
Fannie

Bondeni, 22 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu katika jina la Bwana. Mahindi yamekauka vizuri, majirani wanatuvunia. Watoto wana afya. Rhoda sasa anakamua peke yake, kwenye kigoda cha baba yake.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Siwezi kukuacha uubebe mzigo huo peke yako. Mimi pia nilimwona Janet. Nilijua anaweza kuliendesha gari lako. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nilikuona unavyolia pale kwenye mlango wa gari, nikasema moyoni, akikataliwa leo, atapiga magoti, atarudi kwetu. Nilidhani saa moja na nusu si kitu. Nilikutaka wewe, Fannie, na Sim alikuwa akinitazama mimi, akingoja niseme.

Wazee hawajui. Mama hajui. Sasa unajua wewe.

Usirudi kwa ajili yangu. Ila niandikie.

Dada yako,
Salome