Taa ya Fowili Imewaka

Baba Chebet,

Chamgei. Nakusalimia na najua hutaniitikia, lakini sijui kuanza barua namna nyingine.

Nimebadilisha ile vakyumu ya fowili, ya kufanya magurudumu yote manne yavute. Mimi mwenyewe, hapa nyumbani, nimelala kwenye gunia la mbolea chini ya pikapu yako. Usicheke! Tangu tukuzike hakuna aliyeigusa. Siku ya mazishi ndugu yako Kiprono alichukua ufunguo, akasema mwanamke aliyeshindwa na kilima kimoja asipewe gari tena. Niliamini ni kweli.

Maana wewe mwenyewe ulikuwapo siku ile. Mvua ya wiki nzima, kifua kimekubana, nami nakukimbiza hospitali kule Kaplong. Kwenye kilima cha kituo cha majani chai nikavuta ile gia ndogo ya fowili, ile taa ya kuonyesha imeshika ikakataa kuwaka. Magurudumu ya nyuma yakawa yanachimba matope, ya mbele yamekaa tu. Wachumaji wakatoka shambani na vikapu mgongoni, wakasukuma. Nawe ukaniambia, kwa ile sauti yako ya kunifundisha, "Mama Chebet, vuta vizuri." Nikavuta. Nikavuta tena, na tena. Hukusema neno lingine, ukakata roho pale pale kilimani.

Uliondoka ukidhani nimekosea. Hilo limenila miezi minne, Baba Chebet.

Juzi nikachoka. Nikaenda kwa Kiprono nikamwambia alete ufunguo, akaleta, nafikiri aliogopa uso wangu. Nikaweka jeki, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaingia chini. Nikaitafuta hiyo vakyumu, kile kikopo kinachovutwa na upepo wa injini ili magurudumu ya mbele yashike. Nikafanya vile ulivyokuwa ukifanya: nikachomoa mpira wa injini, ule mrija unaoleta upepo, nikaunga kipande cha mpira pale kwenye kikopo, nikanyonya, nikaziba kwa ulimi. Ulikuwa ukisema kikiwa kizima kitaushika ulimi hadi uumie. Hakikushika. Nilimeza hewa na vumbi tu.

Nikakifungua. Ile ngozi ya mpira ndani imepasuka, kidole changu kikapita upande wa pili. Basi hata ungevuta wewe, gari lisingepanda.

Na kwenye mpira wa injini nikakuta uzi mwekundu wa sweta ya Chebet. Uliufunga wewe usije ukachanganya mipira. Haki, huo uzi ndio ulinimaliza. Nimelia chini ya gari mpaka ng'ombe wakaanza kulia pia, saa ya kukamuliwa imepita.

Kikopo kingine nilikipata Kericho, kimetolewa kwa gari kuukuu. Nilikinyonya pale pale dukani, muuzaji akanitazama kama nimerukwa na akili. Kilinishika ulimi vizuri sana.

Leo nimempakia Kiprono tukaenda kile kilima, matope yakiwa yale yale. Nikavuta gia. Taa ikawaka. Tulipanda bila hata kuteleza, na nilipofika juu nikazima injini, nikashindwa kushuka. Kupanda kumechukua dakika mbili tu, Baba Chebet. Siku ile tulikosa dakika mbili. Kiprono akavua kofia, akaniomba msamaha, akaniachia ufunguo.

Watu wameanza kuuliza kama gari liko. Mgonjwa yeyote nitakayeitiwa nitampeleka, kama ulivyokuwa ukifanya, na kila mvua ikianza nitaingia chini nijaribu kile kikopo kwa ulimi kwanza. Uzi wako nimeurudisha mahali pake.

Sasa lala, mume wangu. Nilivuta vizuri.

Mama Chebet