Kassian, Uliyemshika Mkono Joshua Siku ya Sindano

Kabla hakujapambazuka, kijiko hugonga kikombe cha bati kule jikoni. Ndivyo ulivyotuita ulipokwisha kupoteza sauti. Mwaka umegeuka, Kassian, tangu tukulaze makaburini, na bibi yako bado huamka akauliza, "Unataka maji, mume wangu?" Kikombe hukikuta kimefunikwa, kikavu.

Ulikuwa mtoto wa miaka minane mwenye moyo wa mtu mzima. Ulimbebea bibi jembe bila kutumwa, na kiporo chako ulimmegea mdogo wako kwanza. Bibi akikataa kula, ulimfokea: "Mke wangu, ukikonda naoa mwingine."

Kisha mwalimu akasema husikii. Macho yakapotea, miguu ikafuata. Watu walinong'ona kwamba umechezewa na wachawi. Mama Rabia, jirani yetu, hakunong'ona. Alikubeba mgongoni kwenye tope la masika mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali.

Huko Jenifer, muuguzi wa watafiti wa magonjwa ya kurithi, alichukua damu yako, na majibu yalipotoka akatueleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Ubongo una sehemu nyeupe, mfano wa ganda la waya wa umeme; lako lilikuwa linabanduka. Ugonjwa huu hutoka kwa mama, naye huubeba akiwa mzima, anatembea. Watoto wa kiume ndio unaowaangusha. Bibi, aliyemzaa mama yako, alipoulizwa habari za kwao, aliwakumbuka kaka zake wawili waliozikwa Lupiro wakiwa wadogo. Nao waliacha kusikia kwanza.

Dawa ya kukurudisha wewe haikuwepo. Lakini kwa damu yako walijua watafute nini kwa mdogo wako Joshua.

Siku ya kupimwa, wewe ukiwa tayari kaburini, alijificha uvunguni mwa kitanda, analia. Mara akanyamaza, akatoka mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Nani kakubembeleza?" Jenifer akauliza.

"Kaka. Kasema nimshike yeye, nisiangalie sindano."

Mkono wake wa pili ulikuwa hewani, vidole vimekunjwa kama ameshikana na mtu. Jenifer akasema kwa upole, "Basi mshike vizuri." Wema huo bibi yako hausahau.

Majibu yamekuja. Joshua anao. Bado anakimbia, bado anapiga mpira. Ikiwa ugonjwa haujaufikia ubongo, ipo tiba ya kujaribu, ngumu na ya mbali. Wiki ijayo baba yako anampeleka Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa, ndipo tujue.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili. Unakumbukwa na mama yako Ritha, baba yako Sylvester, babu yako Tadei, bibi yako Aurelia, Mama Rabia na majirani wote wa Lipangalala. Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.

Joshua amesikia kwamba ndani ya mashine ile ya picha mtu huingia peke yake. Anaomba uje tena.