Ramani ya Nyumbani Aliyoichora Shivachi

Jumamosi. Mvua imeanza saa nane kasorobo, na hapa Amalemba njia yote imekuwa matope. Sina hamu ya kupika. Nimekunywa chai ya rangi vikombe vitatu na moyo haujatulia.

Asubuhi nimerudi kutoka Lugari, nilikolala kwa binamu yangu Ambani. Nimerudi mikono mitupu. Wacha niandike hapa, maana sina wa kumwambia ambaye hatacheka.

Ni habari ya mchezo wa kompyuta. Ule wa kufyatuliana risasi tuliokuwa tukicheza mimi na kaka yangu Shivachi kwenye saiba moja mjini, duka la kukodi kompyuta, yeye akiwa kidato cha nne, mimi cha pili. Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa zamani, seva zikazimwa, na kwenye kompyuta za siku hizi ulikuwa haufunguki kabisa. Lakini wapo watu mtandaoni wanaoukarabati bila malipo, kila mmoja akiwa kwao. Nami nimo. Mchana nauza dawa dukani, jioni nasaidia kufufua mchezo ambao wenyewe walishautupa. Nina miaka thelathini na sita.

Wiki iliyopita ukafunguka. Niliposikia ule muziki wa mwanzo nililia, sitaficha. Kisha nikatazama orodha ya ramani, yaani vile viwanja vya kupigania, nikakuta zote zipo isipokuwa moja.

Ya Shivachi.

Aliichora mwenyewe baada ya kumaliza shule, kwa miezi mingi, kwenye kompyuta kuukuu aliyoipata kwa jasho la kukata miwa. Lilikuwa boma letu la Mukumu: nyumba, zizi, ua wa michongoma, choo, na jiko la mama la udongo. Akaiita Nyumbani, akaiweka kwenye seva, na kwa muda wageni wa nchi ambazo hatutazifikia wakawa wanawindana nyuma ya zizi letu. Mama alipoambiwa kuna Wazungu wanauana jikoni kwake, alisema si neno, ila wafute miguu kabla ya kuingia.

Nimewauliza wenzangu wa mtandaoni. Wawili wanaikumbuka. Hakuna aliyeitunza. Ikabaki ile kompyuta yenyewe.

Na hapo ndipo penye aibu yangu. Shivachi alipofariki, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee walikaa uani wakagawa vitu vyake kama ilivyo desturi yetu. Baba mdogo ndiye aliyeongoza. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe msichana, unataka nini ya ndugu yako?" Nilijua ninachotaka. Lakini shangazi zangu walikuwa pale, watu wa kanisa walikuwa pale, na mimi mwanamke mzima nimeketi na upara wangu mpya. Ningesemaje kwamba nataka kompyuta ya kuchezea vita? Nikasema koti. Wakanisifu kwamba sina tamaa. Kompyuta akapewa Ambani, kwa kuwa ni mwalimu.

Haikuwa kukosa tamaa. Nilikuwa mwoga tu.

Jana Ambani alinipokea vizuri sana, mkewe akachinja kuku. Nilipomuuliza alieleza bila wasiwasi: mashine ilikuwa inakwamakwama, akaipeleka kwa fundi ibadilishwe diski. Ile ya zamani ikabaki kwa fundi, na fundi akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni miaka minne sasa.

"Ilikuwa tu michezo ndani, dada," alisema. "Shivachi alikuwa anachezanga sana. Si ungeniambia?"

Hakuwa na ubaya wowote. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilikula kuku wake, nikamshukuru mkewe, nikalala nikitazama ukuta.

Leo njiani nikajipa moyo kwamba nitaichora upya. Boma nalijua, nilizaliwa pale. Nimekaa kwenye kompyuta tangu mvua ianze, na kazi ilikuwa inakwenda. Zizi limekaa sawa. Ua umekaa sawa. Jiko ndilo lililonikwamisha, kwa sababu liliangushwa mama alipojengewa la mabati, na sikumbuki dirisha lilikuwa ukuta upi. Dirisha lenyewe nalikumbuka vizuri kabisa. Kwenye mchezo nilikuwa najificha hapo nikimvizia Shivachi, akipita nampiga, naye analalamika kwamba namwonea.

Nikampigia mama simu. Nikamuuliza.

"Jiko yangu haikuwanga na dirisha, mama," akasema. "Ndugu yako ndiye alikuwa ananisumbua kila siku ati atoboe ukuta, moshi itoke. Nilikataa. Niliogopa nyumba itaanguka."

Nikamwambia tutaongea kesho akitoka misa.

Nina uchungu ambao sikuwa nao hata jana pale Lugari. Boma naweza kulipima hatua kwa hatua, na mama atanisaidia nilipokosea. Lakini dirisha lile lilikuwa la Shivachi peke yake. Alimtobolea mama ukuta mahali ambapo mama hangeweza kumkataza, na sisi tukalitumia kupigania. Ni vingapi vingine alivyoviongeza, nami nikadhani ndivyo kwetu kulivyokuwa? Huenda hata ile njia ya kwenda kisimani haikuwa pana hivyo. Sina pa kwenda kuangalia.

Ningesema neno moja tu siku ile, mbele ya shangazi zangu, wacheke mpaka wachoke.

Giza linaanza kuingia. Kwenye kioo kuna kuta nne za jiko, zote nzima. Kipanya kiko mkononi, na sijui nitoboe upi.