Rangi Nyekundu Mikono Mitatu

Ijumaa, jioni. Mvua ya asubuhi imekata, mtaa wetu wa Mabatini wote ni tope, na mimi nina furaha ya kijinga.

Nimepata kadi ya pikipiki. Ina majina yangu yote matatu.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Kisesa, na mwaka jana nilinunua pikipiki iliyotengenezwa kwa mashindano ya porini. Aliyeniuzia alikuwa anahama, akanikabidhi na karatasi zake za forodha. Haikuwa na taa, indiketa, honi wala vioo, kwa hiyo haikuruhusiwa kugusa lami. Mtaani walishaanza kunong'ona kwamba ni ya wizi. Mwalimu mzima na pikipiki isiyo na namba! Sikuwahi kuwajibu, lakini iliniuma sana.

Fundi Kulwa alichukua wiki mbili kufunga vifaa vyote. Aliyeharibu ni mimi. Siku mbili kabla ya ukaguzi nilimwambia aipambe kama bibi harusi, ili mkaguzi aipende kabla hajaikagua. Kulwa naye hana kazi ya nusunusu. Aliipiga rangi nyekundu mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, fremu nzima, mpaka ikang'aa.

Jumanne nikaipeleka polisi kwenye ukaguzi, imepakiwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nami nimevaa gauni langu la kanisani. Taa, sawa. Breki, sawa. Honi, afande mkaguzi akacheka, sawa. Kisha akainama chini ya usukani, akapapasa shingo ya fremu.

"Mwalimu, namba ya chesisi iko wapi?"

Nikakumbuka mikono mitatu ya Kulwa.

"Iko chini ya rangi, afande."

"Basi itoe. Na msasa usiguse, ukiikwangua namba utajiletea kesi. Isipoonekana, pikipiki inalala hapa hadi ijulikane ni ya nani."

Nikapiga magoti kwenye changarawe na gauni langu, kopo la thina ya kuyeyushia rangi, nililokimbilia duka la jirani, mkononi, watu wa foleni wakinitazama kama nimekamatwa tayari. Nikasugua kwa kitambaa. Namba zikaanza kutoka moja moja, mimi nasoma, afande anafuatisha kwenye karatasi za forodha. Nilisoma kwa sauti ya darasani, makusudi, wote wasikie. Ya mwisho ikagoma. Niliisugua kwa ukucha huku naomba kimoyomoyo, hadi ikatoka.

"Saba," nikasema.

Afande akaangalia karatasi. "Saba. Ni yenyewe."

Foleni nzima ikapiga makofi. Nililia, sitadanganya.

Leo nimefunga pleti namba kwa mikono yangu, nikaingia barabara kuu. Mbele nikamwona trafiki pembeni. Nikapunguza mwendo, nikakaa vizuri. Akanipungia nipite.

Mtu nimehangaika kote huko, halafu napungiwa tu!

Nikageuza, nikapita tena. Akanipungia tena. Mara ya tatu nikasimama mwenyewe, nikamtolea kadi na leseni kabla hajafungua mdomo. Akasoma, akaangalia pleti, akanirudishia.

"Iko sawa, mama. Kwani nani kakusimamisha?"

"Hakuna, afande. Nilitaka tu mtu aisome."

Kesho ni Jumamosi, hakuna shule. Kisesa nitaenda tu.