Kijiti cha Ausi

Makurunge, Bagamoyo
12 Oktoba 2025, mwezi wa saba tangu niondoke Ujiji baada ya Idi

Mdogo wangu Wahida,

Asalaam alaykum. Hujambo, na wazee hawajambo? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila kukata miwa kumenimaliza mgongo. Nimeandika barua kwa kuwa simu yako inashikwa na kila mtu.

Baba anasubiri neno langu ndipo apokee posa ya Ausi, huyu rafiki niliyekuja naye kwetu wakati wa Idi. Nimemchunguza. Kila Jumapili anaoga, anavaa shati safi, anachomeka kijiti cha mnazi mfukoni, anakwenda Bagamoyo mjini. Nikimuuliza, anasema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu gani hiyo isiyochoka na miwa? Nikashuku ana mke huko, na kile kijiti ni dawa ya kukupumbaza wewe.

Leo nimemfuata hadi nyumbani kwa Bi Sihaba, mama mtu mzima. Nikajibana ukutani. Akaniona, akaniambia niingie au niondoke, nisiwe kama paka wa sokoni. Nikampa shikamoo, nikaingia. Ausi alikuwa mkekani katikati ya watoto, anagusa herufi mojamoja za kitabu cha darasa la kwanza kwa kile kijiti, na watoto wanamcheka, wanamwambia babu asiruke herufi.

Nikasema kumbe huyu hajui alifu kwa kijiti. Bi Sihaba akanikatiza. Akasema neno hilo limetoka chuo cha Kurani, ambako anayeanza hupewa kijiti aguse alifu, asichafue juzuu kwa kidole. Wengine husema ni kwa kuwa alifu yenyewe imesimama kama kijiti. Yeye anachojua, aliyekishika ameshaanza, na wa kuchekwa ni anayechungulia ukutani.

Ndipo nikashtuka, Wahida. Ausi hajui kusoma! Basi zile meseji tamu ulizonisimulia? Njiani akakiri. Anayeandika ni Mahmoud, dereva wa trekta, na zako zote Mahmoud ndiye anayemsomea. Nikamuuliza ile ya chakula kukosa chumvi bila wewe ni ya nani. Akasema ya Mahmoud. Yake ni ile ya kuulizia mguu wa Mama. Anajifunza ili maneno yako asiyasikie tena kinywani mwa mwanamume mwingine.

Mimi bado namshuku. Aliyeficha hili ataficha na jingine. Lakini mume ni wako. Mwambie Baba asiipokee posa wala asiirudishe. Usiandike siri kwenye simu, Mahmoud ana mdomo. Tukija, mwandikie ulitakalo kwenye karatasi, umpe akusomee mwenyewe. Akikwama usimsaidie, mngoje.

Wasalimie wote, na Mama mwambie asipande ngazi. Kazi inafungwa tarehe 20 Desemba. Kabla mwaka haujaisha nitakuwa hapo, inshallah, na Ausi nyuma yangu, akithubutu.

Kaka yako,
Maulidi