Ndege wa Baba Mkwe Anaimba Kosa Langu

Mpendwa Bu Lastri wa redioni, naomba msaada wako, na nauomba upesi kabla ndege hajanitaja kwa jina.

Mimi ni mume wa mtu, umri wangu miaka thelathini na tisa, natengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyovundikwa, hapa Klaten na naishi nyumbani kwa baba mkwe wangu, tafadhali jina langu lifiche maana nikijulikana sina pa kulala. Mwaka jana niliingiwa na wazimu wa muziki. Mimi na mke wangu Endang tunakaribia kutimiza miaka kumi ya ndoa, nikaamua kumtungia wimbo wa keroncong, muziki wetu wa zamani wa gitaa na fidla, niupige mwenyewe, niuimbe mwenyewe, niurekodi mwenyewe, na asijue mtu mpaka siku yenyewe, basi nikanunua maiki, nikaazima kompyuta ya shemeji, nikageuza chumba cha nyuma tulichokuwa tunavundikia tempe kikawa studio, nikasimamisha magodoro mawili ya sufi ukutani ili yanyonye mwangwi, mengine nikajifunzia kwenye video za mtandaoni, na kila asubuhi Endang akienda sokoni na baba mkwe akienda kuzungumza habari za ndege na wenzake, mimi najifungia humo.

Tatizo lilikuwa Guruh. Guruh ni murai wa baba mkwe, ndege mweusi mwenye mkia mrefu, ametwaa vikombe saba vya mashindano ya kuimba, na kizimba chake kinaning'inia barazani hatua tatu tu kutoka mlango wa studio. Kila nikifungua kinywa na yeye anafungua chake, rekodi zote zikawa za sisi wawili, na anayesikika vizuri ni yeye. Ndipo akaanza kupukutisha manyoya, na murai akipukutisha hunyamaza miezi miwili, nikasema Mungu si Athumani, nikaifanya kazi yangu yote katika miezi hiyo.

Hapa ndipo naona aibu, Bu Lastri. Kila mtu Klaten anajua, na mimi najua, kwamba ndege aliyenyamaza kwa kupukutisha ndiye anayesikiliza kuliko siku zote, anameza kila sauti na akirudi kuimba anaitapika yote. Ndiyo maana baba mkwe alimfunika kwa kitambaa akamwekea kidude kinachotoa sauti za nyenje na kanari kutwa nzima, asisikie kingine chochote. Na mimi, kwa kuwa wale nyenje walikuwa wanaingia kwenye maiki yangu, kila asubuhi nilikizima, nikimaliza nakiwasha. Sasa wimbo wangu una mstari mmoja unaopanda juu, nikifika pale sauti inapasuka, ikipasuka najisafisha koo na kuanza upya, kwanza kigonga mapigo cha kompyuta kinahesabu ti ti ti ti, halafu mstari, halafu koo. Kompyuta inasema nimerudia mara mia mbili na kumi na nne.

Mwezi uliopita yakaja mashindano. Vizimba vimetundikwa, waamuzi wanapita na bendera zao za kutoa alama, Guruh akatanua mkia, waamuzi wakasogea karibu, na mbele ya watu mia tatu akahesabu ti ti ti ti, akaimba mstari wangu, akapasuka pale pale ninapopasukia mimi, akajisafisha koo. Kisha akarudia. Watu walicheka mpaka mwamuzi mmoja akakaa chini. Baba mkwe hakucheka, alisema maneno matatu tu: "Kikohozi hicho nakijua."

Roho nusura initoke, kumbe hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Pak Jumadi, jirani yetu na rafiki yake wa miaka arobaini, ambaye kila alasiri alikuwa anakaa barazani kwetu, chini ya kizimba, anakunywa kahawa na kuvuta sigara za karafuu, na kweli husafisha koo kila baada ya maneno mawili. Isitoshe, Pak Jumadi naye ana murai wa mashindano. Basi ikaamuliwa kwamba Jumadi kamharibu Guruh kwa makusudi, na tangu siku hiyo baba mkwe hamjibu hata salamu. Wiki iliyopita tulisoma dua ya siku elfu moja tangu mama mkwe afariki, tukapeleka chakula cha baraka nyumba zote za mtaa isipokuwa nyumba ya Pak Jumadi, kwa amri ya baba mkwe, na aliyebeba kikapu ni mimi. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake, aliponiona akainuka kunipokea, nami nikapita kama sikumwona.

Nikisema ukweli nafukuzwa, na zawadi ya Endang imeharibika. Nikinyamaza, wazee wawili wanazikana wakiwa hai. Na wimbo wenyewe haujakamilika, kila nikichanganya sauti naona aibu na yangu, nimeizamisha kwenye mwangwi mpaka sasa naimba kama niliyetumbukia kisimani. Juzi nimemsikia Endang anafua huku anauimba ule mstari, nikamuuliza kautoa wapi, akasema hajui. Nifanyeje? Au nimfundishe ndege upya, kimya kimya?

Ni mimi, Mwenye Aibu, Klaten.

*

Mwenye Aibu,

Umeniomba nifiche jina lako, halafu ukanitajia ndege. Mwanangu, Klaten nzima kuna murai wangapi waitwao Guruh wanaojisafisha koo? Ninayemtuma akuletee jibu hili hahitaji jina, atauliza tu nyumba ya ndege anayekohoa, ataonyeshwa na watu wanne. Nalituma kwa mkono kwa sababu jambo lako haliwezi kungoja zamu yake redioni.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka mpaka fundi wa mitambo akaja kunitazama. Lakini nilipofika kwenye kile kikapu kicheko kilikatika. Kumzima nyenje ni ujinga, na ujinga husameheka. Kumpita mzee aliyeinuka kukupokea, huku ukijua kosa ni lako, hilo si ujinga. Pole kwa hofu yako, najua kuishi kwa wakwe kunavyomfanya mtu apumue kwa adabu, ila aibu hiyo ulistahili uione mapema.

Sasa nikwambie usilolijua. Juu ya meza yangu kuna barua nyingine kutoka mtaani kwenu. Mwenyewe ameandika jina lake lote, hakutaka nifiche kitu, kwa hiyo simvunjii siri. Anasema: "Mimi ni Jumadi. Nilibeba jeneza la mke wa rafiki yangu. Siku elfu moja zimetimia na chakula chake cha baraka sikupewa. Nimekosa nini? Kama anamwonea wivu murai wangu, Ijumaa nitamfungulia kizimba aende zake, nibaki na rafiki."

Leo ni Jumatano. Umeelewa?

Kumfundisha ndege upya kimya kimya, sahau. Ukimya ndio uliotufikisha hapa. Leo alasiri chukua kompyuta ya shemeji yako uitoe barazani. Mwite Pak Jumadi kwa mdomo wako, mwambie kahawa ipo. Baba mkwe atanuna, mwache anune. Wakishakaa, usianze kujieleza wala kulia. Cheza rekodi moja tu kati ya zile mia mbili na kumi na nne, kavu kama ilivyotoka kooni, bila mwangwi hata chembe. Guruh ataimalizia. Baada ya hapo omba radhi, kwanza kwa Jumadi, ndipo kwa baba mkwe, na useme pia kwamba nyenje ulikuwa unawazima wewe. Hilo usiliruke, maana ndilo unalotamani kuliruka.

Atakufukuza? Labda siku mbili. Mzee aliyerudishiwa rafiki wa kahawa, na aliyepata mkwe wa kumtukana kila siku, hamfukuzi mkwe huyo moja kwa moja, anamhitaji. Chakula cha baraka utakipika upya kwa jasho lako na kukipeleka kwa mikono miwili.

Kuhusu wimbo. Video zako za mtandaoni hazikukwambia jambo ambalo mwimbaji yeyote wa keroncong angekwambia bure: sauti isipofika, shusha wimbo wote uanzie chini zaidi, usilipasue koo. Toa mwangwi, punguza gitaa, sauti yako iwe mbele. Endang ameolewa na sauti hiyo kwa miaka kumi, hutamshtua. Na zawadi haijaharibika hata kidogo, mkeo tayari anaiimba kwenye beseni la nguo, na kwa maelezo yako hapasuki. Mwombe aimbe mstari huo yeye.

Ondoka sasa hivi. Guruh amekiri mbele ya watu mia tatu, wewe unatakiwa ukiri mbele ya wazee wawili tu.

Bu Lastri